Kura ya Mtaa: Wito kwa Wakazi wa Pembezoni mwa Dodoma

Ndugu zangu mkaao Nala na Nzuguni, Ihumwa na Mkonze, Msalato, Iyumbu na Ntyuka, nanyi nyote mliojenga katika pembe za jiji hili la Dodoma ambako miaka michache iliyopita kulilimwa uwele na mtama, ninalo ombi moja kwenu, wala halihitaji mali wala cheo kulitimiza: kwamba kila ajaye kutuomba kura ili awe mwenyekiti wa mtaa asimame hadharani pamoja na washindani wake, mahali pamoja na wakati mmoja, asikilizwe na aulizwe, kabla hatujamkabidhi dhamana ya miaka mitano.

Najua kwamba wako miongoni mwetu, hususa sisi tuliokuja baada ya Serikali kuazimia mwaka 2016 kuhamia hapa, watu wenye elimu na madaraka ambao huona uchaguzi wa mtaa kuwa shughuli hafifu, na ambao wakiulizwa jina la mwenyekiti wao hushindwa kulitaja, ilhali jina la waziri aliyeteuliwa jana wanalo midomoni. Walakini mtu huyo wasiyemjua ndiye ambaye barua yake ya utambulisho hutakiwa kijana anapotafuta kitambulisho cha taifa au anapokwenda kumdhamini nduguye. Ndiye aongozaye mkutano ambamo hutajwa kaya maskini za kuingizwa katika msaada wa TASAF. Na aghalabu ndiye aketiye kuwa shahidi ardhi inapouzwa na kununuliwa. Halipwi mshahara, hupewa posho tu, na kwa sababu hiyo yafaa kumwuliza, kwa heshima lakini bila kificho, yeyote atumiaye fedha nyingi kuitafuta kazi hiyo, ni faida gani anayoitazamia.

Ardhi ndiyo kiini cha shauri hili, nami naomba mnivumilie niiseme kwa urefu. Tangu mwaka 1973, TANU ilipokata shauri kwamba makao makuu yahamie hapa na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mwenyeji wa Ugogo ameona mara nyingi shamba alilorithi kwa babu yake likipimwa, likipewa namba ya kitalu na ya kiwanja, na pengine likimilikishwa mtu mwingine kabla fidia haijamfikia. Na Mamlaka hiyo ilipovunjwa mwaka 2017, kazi zake zikakabidhiwa Halmashauri, na manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, migogoro haikwisha pamoja nayo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hili, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Umma huo wote unataka mahali pa kulala, na wengi wetu tulinunua ardhi pembezoni kwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwa kalamu mbele ya dalali, mashahidi na kiongozi wa mtaa. Hapo ndipo kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili, ndipo njia ya watu wote hugeuzwa kuwa ua wa mtu mmoja, na ndipo mjane asiyejua kusoma hutia dole gumba katika karatasi ambayo maana yake huijua baadaye, tingatinga likiwa limekwisha kufika. Basi mgombea na aulizwe mbele ya hadhara: je, wewe au jamaa yako mna sehemu yoyote katika udalali wa viwanja? Je, utakubali kila mauziano unayoyashuhudia yasomwe katika mkutano wa mtaa, ili mwenye pingamizi aseme mapema? Mtu mwadilifu hatayaogopa maswali hayo, na anayeyaogopa amekwisha kutujibu.

Sasa tutazame jinsi tunavyochagua. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 ulitanguliwa na kampeni za siku saba tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26, tena katika majira ambayo mkulima wa nyanda hizi kavu anatayarisha shamba akingojea mvua. Sheria haimruhusu mtu kugombea pasipo kudhaminiwa na chama. Vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa, kama vilivyolalamika mwaka 2019 hata vikajitoa, na Chama Cha Mapinduzi kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Kwangu mimi hali hiyo si ya afya, na nasema hivyo bila chuki kwa chama chochote, kwa kuwa mahali ambapo mshindi hujulikana tangu kura za maoni, uamuzi wa kweli hufanywa na wanachama wachache, nasi wengine huitwa kuja kuupigia muhuri. Raia asiye na kadi ana haki ileile katika mtaa wake, maana hati ya mauziano ya kiwanja chake itashuhudiwa na mwenyekiti yuleyule.

Kuhusu pilau, soda na fulana za wagombea sitasema mengi. Mahakama Kuu iliibatilisha takrima hiyo mwaka 2006, na anayeipokea amekwisha kulipwa, hata akose ulimi wa kudai.

Na tukumbuke kwamba serikali za mitaa zilipata kufutwa nchini mwaka 1972, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 baada ya kudhihirika kwamba huduma zilizorota pale wananchi walipokosa chombo chao. Kitu kilichopata kuondoka kisha kikarudi hakifai kuachwa mikononi mwa wapambe.

Kwa hiyo nawasihi, wenyeji na wageni, wazee mnaoijua mipaka ya zamani kwa miti na vijito, akina mama mnaojua ni bomba gani hutoa maji usiku tu, vijana mnaongojea mikopo ya Halmashauri: msingoje uchaguzi wa mwaka 2029. Mwenyekiti wa sasa akiitisha mkutano, daini mapato na matumizi yasomwe. Katika mkutano huo huo toeni hoja, iandikwe katika muhtasari, kwamba uchaguzi utakapofika wagombea wa vyama vyote wataitwa katika mdahalo mmoja wa mtaa ndani ya muda wa kampeni, na wanachama wa kila chama wapeleke hoja hiyo katika matawi yao kabla ya kura za maoni. Daftari la wakazi litakapofunguliwa, jiandikisheni siku ya kwanza. Na mkutano ujao ukitangazwa, njoo, hata kama kiwanja chako kina hati na ukuta mrefu.