Sukari ya Mama ni 30: Ya Kipimo Kipi?

Ndugu msomaji, chukulia simu imelia usiku kutoka nyumbani. Mdogo wako, kwa sauti ya hofu, anasema: "Sukari ya mama ni 30." Utamwambia nini? Mama apewe kinywaji chenye sukari upesi, au sukari asiiguse kabisa?

Huwezi kujibu mpaka ujue kipimo. Hapa Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uingereza, sukari ya damu hupimwa kwa milimoli kwa lita, huandikwa mmol/L. Marekani na India hutumia miligramu kwa desilita, yaani mg/dL. Jamaa walio ng'ambo hutuletea mashine za huko, na wagonjwa waliotibiwa India hurudi na majibu ya huko. Hivyo vipimo viwili hukutana chini ya paa moja.

Thelathini ya mmol/L ni sukari iliyopanda mno. Thelathini ya mg/dL ni sukari iliyoshuka kiasi cha kumpoteza mgonjwa fahamu. Zote ni dharura, lakini tiba ya moja ni hatari kwa nyingine: anayechomwa insulini ilhali sukari imeshuka aweza kufa. Msipokuwa na hakika, msimchome, mkimbizeni hospitali.

Kubadili kipimo si kazi ngumu. Katika zakatul-fitri, mmoja hutaja pishi na mwingine hutaja kilo, na mchele ni ule ule. Kadhalika hapa: zidisha mmol/L kwa 18 upate mg/dL, gawanya mg/dL kwa 18 upate mmol/L. Basi 4 ni 72, 7 ni 126, na 10 ni 180. Alama nyingine ni nukta. Mashine ya mmol/L huonyesha nukta, mfano 5.6 au 30.0, ya mg/dL huonyesha namba kamili tu. Kwa hiyo anayesoma namba kwenye simu asiiache nukta.

Jambo hili huwa zito zaidi Ramadhani. Mwongozo wa kitabibu humtaka mwenye kisukari afungue sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikizidi 16.6. Kwa mg/dL, mipaka hiyo ni 70 na 300. Sasa mfikirie mzee aliyeshika 3.9 na 16.6 za daktari wake, na mashine aliyoletewa na mwanawe inaonyesha 65. Atadhani sukari imepanda kupita kiasi, kumbe imeshuka, naye anahitaji kitu kitamu wakati huo huo. Ruhusa ya mgonjwa kufungua anayo, lakini namba aliyoisoma vibaya imemficha haja yake.

Basi leo, kabla ya kulala, itoeni mashine ya nyumbani mtazame herufi zilizo kando ya namba. Ziandikeni kwa kalamu nzito juu ya mkoba wake. Katika daftari la kliniki, kila namba ifuatane na kipimo chake, na mwende na mashine hiyo kwa daktari ili awaandikie mipaka ya mgonjwa wenu kwa kipimo hicho hicho.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.