Vidonge vya biharusi mnavitupa kwa nini?

Leo sina mishono wala singo. Nimekasirika, mnisamehe.

Mimi fundi cherehani, maharusi wananipitia mkononi kila msimu. Mmoja alinijia saa nne usiku kuagiza magauni saba, na shughuli zake zilikuwa mbili tu. Anacheka, anaongea bila kituo, siku ya tatu hajalala. Mama yake akasema, "Furaha ya harusi hiyo." Haikuwa furaha. Binti ana bipola, na somo wake ndiye aliyeamuru vidonge vitupwe, eti mume asije akavikuta akajua kaoa mwendawazimu. Harusi ikaahirishwa, binti akalazwa.

Nyinyi masomo na mashangazi, mnajua mnachokitupa?

Seli za ubongo huzungumza kwa kemikali: dopamini, serotonini, noradrenalini. Moja hutoa, ya jirani hupokea. Wataalamu wanaihusisha dopamini iliyozidi na ule wakati wa kupanda, mtu hataki usingizi, anamwaga pesa, anajiona anaweza yote. Kisha hushuka, hata kuoga kunamshinda, na wengine huwaza kujiua. Si kemikali moja iliyopungua ukaijaza kama mafuta ya cherehani. Ni mfumo mzima, na urithi wa damu umo. Lakini ni maradhi ya mwili. Mbona mwenye sukari hamumwambii atupe insulini?

Lithiamu, moja ya dawa zake, ni chumvi. Daktari wa Australia, John Cade, aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wake, na mpaka leo inatumika. Ina masharti yake: damu hupimwa, figo na tezi ya shingo huangaliwa. Mwili ukipungukiwa maji, dawa huzidi kwenye damu na inaweza kuwa sumu. Kwa hiyo anayeimeza azungumze na daktari kabla ya Ramadhani, asijikaze kimya kimya. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, Mola kampa, sijui nyinyi mnamnyima kwa nini.

Na uzazi je? Valproeti, dawa nyingine ya bipola, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Daktari hupanga dawa upya kabla ya mimba, na baada ya kujifungua mama huangaliwa kwa karibu, maana hapo ugonjwa hupenda kurudi. Nani atamwangalia, ikiwa mume hajaambiwa?

Kisomo someni. Mimi mwenyewe nasomewa, na Mtume (S.A.W.) alituhimiza kujitibu. Hakuna anayewataka mchague. Ila kombe halishiki nafasi ya kidonge. Halafu mnamkesha biharusi usiku tatu kwa ngoma na hina, na kukosa usingizi ndiko kunakoweza kumpandisha. Piko lipakwe mchana. Usiku alale.

Yule binti kaja wiki iliyopita kupimwa upya. Dawa zimemnenepesha kidogo, tumeachia inchi mbili ubavuni. Magauni mawili, si saba. Mchumba alikuwa nje anamsubiri na chupa ya maji mkononi. Kaambiwa kila kitu, na binti mwenyewe ndiye aliyemwambia.