Utamu wa Sikukuu na Uhai wa Meno

Sikukuu bila vitu vitamu huonekana pungufu. Siku ya Idi watoto wa Unguja hupokea mkono wa Idi na kuelekea viwanjani, ambako peremende na kashata huwangoja. Nyumbani, sinia la visheti, kaimati na halua haliondoki mbele ya wageni. Bara, Krismasi huja na keki, biskuti na kreti za soda. Wazee na walimu huwaonya vijana: "Msile vitu vitamu, meno yataoza." Onyo hilo aghalabu halisikilizwi, kwani hakuna aliye tayari kuikana sikukuu. Tena halifundishi jambo kubwa kuliko yote: hatari haimo katika kiasi cha sukari tu, bali zaidi katika idadi ya mara inapoingia kinywani.

Sukari yenyewe hailitoboi jino. Juu ya meno hukaa utando laini wa bakteria, ambao huitumia sukari na kutoa tindikali. Katika miaka ya 1940 mtafiti Mmarekani, Robert Stephan, alionyesha kwamba dakika chache tu baada ya sukari kuingia kinywani, tindikali katika utando huo hupanda kwa ghafula. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba gumu la jino huanza kupoteza kalsiamu na fosfati. Mate huizimua tindikali na kurudisha madini, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi.

Basi, mtoto alaye peremende tano mara moja baada ya chakula huyatia meno yake katika shambulio moja. Alaye moja kila nusu saa huyanyima mate nafasi ya kutengeneza kilichoharibika.

Ukweli huo ulithibitishwa katika hospitali ya Vipeholm, nchini Uswidi, kwa utafiti uliotangazwa mwaka 1954. Sukari iliyoliwa pamoja na mlo ilileta madhara madogo. Tofi zenye kunata, zilizoliwa kati ya milo, zilileta madhara makubwa. Utafiti huo unalaumiwa kwa haki, maana uliharibu meno ya watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuombwa ridhaa. Funzo lililopatikana kwa maumivu yao halifai kupuuzwa.

Wapo wasemao kwamba mswaki watosha. Kusugua meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala, ni lazima. Lakini mswaki wa usiku haufuti mashambulio ya mchana kutwa.

Yafaa, basi, sinia la sikukuu liletwe pamoja na mlo, kisha liondolewe. Kati ya milo, wageni na watoto wapewe maji, karanga na matunda. Soda isinywewe funda moja moja kwa saa nzima. Naye mwalimu, kabla ya kufunga shule, atie ganda la yai katika siki mbele ya wanafunzi. Ganda si jino, lakini vyote viwili huliwa na tindikali. Atakayeyaona mapovu yale atakuwa na sababu ya kukumbuka, kwani jino la kudumu likishang'olewa halioti jingine.