Kusasisha si Kubofya Tu

Wasomi wenzangu, tangu Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nasi wa Meru na Embu twahimizwa kuhamia Windows 11. Neno "kusasisha" tunalo, tena zuri, limezaliwa na "sasa". Maana yake ndiyo hatujaifafanua. Sasisho la kila mwezi hutia viraka, ilhali toleo jipya hubadilisha msingi wa nyumba, nalo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi kuukuu za mitumba hazina.

Mimi nilibofya bila kusoma. Umeme ukakatika katikati, na sura mbili za tasnifu zikapotea. (Nakala sikuwa nayo.)

Chama chetu kitoe mwongozo wa Kiswahili wa ukurasa mmoja. Rasimu nitaiandika, wahadhiri wa isimu waikosoe istilahi.