Noti isiyotulia
Shikilia noti moja kwenye kinanda cha bei poa: sauti inasimama palepale kama mlingoti, haina la kusema tena. Gambusi haiko hivyo. Uzi ukipigwa, haramoniki, zile sauti nyembamba zilizopandana juu ya noti, hazifi pamoja. Za juu hufifia mapema, za chini hubaki zikivuma. Mwaka 1967, John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aligundua njia nyepesi ajabu ya kuupata uhai huo: wimbi moja litikise masafa ya jingine, haraka kuliko sikio linavyoweza kuhesabu. Ukizidisha mtikiso, haramoniki zinachipuka. Ukiupunguza taratibu, noti inalainika ikiwa bado mkononi. Uwiano wa mawimbi hayo ukiwa 1 kwa 1, unakaribia tarumbeta; ukiwa 1 kwa 1.4, umepata kengele. Kampuni ya Yamaha ikachukua leseni ya njia hiyo, na mwaka 1983 ikatoa kinanda cha DX7, chenye mawimbi 6 kwa kila noti. Ajabu ni kwamba wengi wetu (mimi wa kwanza, mvivu) tuliishia kubonyeza sauti za kiwandani, mtikiso wenyewe hatukuugusa.