Timu Ikianza Vizuri, Fedha ya Mbolea Isiguswe

Mtoto wa darasa la tano anaingia ndani mbio: timu yao imeshinda mechi ya tatu mfululizo. "Baba, mwaka huu tunachukua ubingwa?" Katika nyumba nyingi, iwe Bombambili, Lizaboni au Mfaranyaki, jibu huja haraka: "Tunachukua!" Mtoto anaruka kwa furaha. Shida huanza pale baba naye anapoliamini jibu lake, akachukua fedha iliyowekwa kwa ajili ya mbolea na kuipeleka kwenye mkeka wa kubeti.

Mzazi aanze na hesabu ndogo. Ligi ya timu 16 ina mechi 30 kwa kila timu. Mechi tatu ni sehemu moja tu ya kumi. Hakuna mkulima wa Songea anayehesabu magunia wakati mahindi yana majani matatu.

Mechi moja inaweza kudanganya hata mwishoni mwa msimu. Mei 19, 2018, Simba walikabidhiwa kombe la Ligi Kuu mbele ya Rais John Magufuli. Walikuwa hawajafungwa msimu mzima, lakini siku hiyo Kagera Sugar wakawafunga 1-0. Aliyetazama mechi hiyo peke yake angedhani Kagera ndio bora. Msimamo wa ligi ulisema vingine. Msimu huohuo Majimaji, Wanalizombe wa Songea waliorejea Ligi Kuu msimu wa 2015/2016, walishuka daraja. Msimu mrefu ndio unaopima timu.

Basi mwanzo mzuri utapimwaje? Kwanza, timu imecheza na nani, na wapi? Kushinda nyumbani, Uwanja wa Majimaji, ni tofauti na kushinda baada ya kukaa kwenye basi kutoka Songea hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Pili, mabao yamepatikanaje? Timu inayotengeneza nafasi nyingi kila mechi ina cha kutegemea. Timu iliyoshinda 1-0 mara tatu kwa penalti na makosa ya makipa bado inadaiwa na bahati. Tatu, nani yuko benchi? Kadi na majeraha hayaepukiki, na kikosi cha wachezaji 11 tu hakifiki mbali.

Swali la nne husahaulika: je, uzuri huo umeanza leo? Leicester City ya Uingereza ilipochukua ubingwa mwaka 2016, kampuni za kubeti zilikuwa zimeupa nafasi ya moja kwa 5,000 msimu ulipoanza. Wengi waliita muujiza. Lakini msimu uliotangulia, timu hiyo ilikuwa mkiani, kisha ikashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho na kunusurika kushuka. Dalili zilikuwapo kabla ya Agosti. Hata hivyo, aliyeziona hakuwa na uhakika wa ubingwa. Alikuwa na sababu ya kuendelea kutazama, basi.

Hilo ndilo jibu zuri kwa mtoto: "Tumeanza vizuri, tuendelee kutazama." Mzazi amnunulie daftari la kurasa chache. Kila baada ya mechi mtoto aandike mpinzani, uwanja, matokeo, nafasi zilizotengenezwa na jinsi bao lilivyopatikana. Zikifika mechi 10, timu imeshakutana na wapinzani 10 kati ya 15. Hapo wakae pamoja wafungue daftari. Mtoto atakuwa amejifunza hesabu, subira, na namna ya kubadili mawazo bila kununa.

Fedha ya mbolea ibaki ilipowekwa. Ligi huanza karibu na Agosti, na mvua za kupandia hufika miezi michache baadaye. Timu ikipoteza mechi ya nne, ina nyingine 26 za kurekebisha. Shamba lililokosa mbolea ya kupandia halipewi mechi ya marudiano, na watakaolipia kosa hilo mwakani ni haohao watoto waliokuwa wanashangilia.

Furaha haina gharama. Baba na mama wavae jezi, waende uwanjani na watoto, wapige kelele hadi sauti ziwakauke. Timu ikishinda tena Jumamosi, washangilie tena, kisha mtoto akaandike kwenye daftari lake.