Jana ya Mhusika

Wako wahakiki wetu ambao, wakishika riwaya, hugeuka kuwa mahakimu wenye haraka. Mhusika huitwa, husomewa kosa lake, na hukumu hutoka papo hapo. Alikotoka hakuulizwi.

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilitendewa hivyo. Ilizuiwa isitumiwe madarasani kwa madai kwamba ingewaharibu vijana, ingawa baadaye ikaja kufundishwa katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya. Waliokasirika walimwona Rosa wa Morogoro, mwanachuo aliyejitupa kwa wanaume, wakapiga kelele. Rosa wa Namagondo, kule Ukerewe, walimruka. Huyo ndiye binti aliyepigwa vibaya na Zakaria, baba yake mlevi, kwa sababu ya barua ya mvulana. Alifunzwa kumwogopa mwanamume, hakufunzwa kumjua. Alipotoka chini ya fimbo ile, uhuru ulimkuta hana silaha yoyote. Na wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya kumlea chuoni, wao je? Mbona hao hawakupigiwa kelele? Katika utumishi wa serikali, afisa anayeamua shauri kwa kusoma karatasi ya juu tu ya jalada huitwa mzembe. Katika uhakiki, huitwa mlinzi wa maadili.

Hata hivyo, sitaki kuungwa mkono na kundi la pili, lile linaloipenda jana kupita kiasi. Hao methali yao ni moja: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wakiisha kuitamka, mjadala wameufunga. Kwao malezi ni chapa ya moto. Rosa alipigwa, basi ilikuwa lazima apotee. Waandishi wachanga nao wakaiga: sura ya kwanza kipigo, sura ya mwisho kaburi, na katikati hakuna mtu anayefikiri. Hiyo si riwaya, ni ramli.

Na wasome Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979. Rashidi ni yatima wa bandari ya Unguja; baba yake alikuwa kuli, kazi ikamuua. Kwa kanuni ya hao ndugu zetu, Rashidi angekuwa mnyonge wa kudumu au mhuni wa mitaani. Lakini alifunguliwa macho na Faraji pamoja na makuli wenzake, akaanza kuuliza ni nani aliyefaidika kwa jasho la mzee wake. Jana yake haikubadilika hata chembe; iliyobadilika ni tafsiri yake. Kilichoitwa mkosi wa nyumba moja kikaitwa dhuluma. Hivyo mgomo wa makuli wa mwaka 1948, ambao ni jambo la historia, ukapata ndani ya kitabu mtu mwenye sababu ya kugoma.

Rosa hakumpata Faraji wake. Hapo ndipo riwaya ile inapotuuliza sisi wazazi, walimu na wakuu wa vyuo, na nadhani swali hilo ndilo lililowaudhi watu kuliko mambo ya chumbani. Mwalimu yeyote atakayekifundisha kitabu hicho na aanzie Namagondo, na mtunga mitihani naye amuulize mwanafunzi habari za Zakaria kabla ya kumuuliza habari za Rosa.